"Zana duni za mawe": nimejaribu kutengeneza moja, na neno hilo "duni" sitaliandika tena ubaoni

Mwalimu wa Kihesa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Maarifa ya Jamii shule ya msingi hapa Iringa, huu mwaka wa kumi na moja. Kila tukifika kwenye mada ya binadamu wa kale naandika ubaoni sentensi ile ile niliyoandikiwa na mwalimu wangu: "Binadamu wa kale alitumia zana duni za mawe." Watoto wananakili. Tunataja zama tatu za mawe, za kale, za kati na za mwisho, nachora shoka la mkono lenye umbo la embe, tunahamia ugunduzi wa moto. Vipindi viwili, mada imekwisha.

Mwaka jana mtoto mmoja wa kike, mkimya siku zote, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, wewe unaweza kulitengeneza hilo shoka?" Nikamjibu ndiyo, ni kugonga jiwe kwa jiwe tu. Akasema, "Basi tutengenezee."

Jumamosi ile nilishuka Ruaha Mdogo, nikaokota mawe ya mto kiroba kizima, nikakaa uani. Nilipiga kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Nilichopata ni unga, chenga, na kidole gumba kilichovimba. Hakuna hata kipande kimoja cha kukata nyanya. Ndipo nikaanza kujiuliza: kama zana hizi ni duni, mbona nimeshindwa kutengeneza hata ile ya mwanzo kabisa?

Wiki iliyofuata nikaenda Isimila. Kwa wasiopafahamu, ni kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya kwenda Mbeya, unakata kushoto. Wengi huenda kupiga picha kwenye zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Mimi mwenyewe nimepeleka watoto pale mara nne na kila mara tulipita kwenye mawe kama mtu anayepita dukani asiyenunua kitu. Safari hii nilikuwa peke yangu, nikachuchumaa.

Mawe yamelala pale pale bondeni, mashoka ya mkono na yale mengine yenye ubapa mpana mbele kama shoka la mchinjaji. Mengine yanaizidi rula ya sentimita 30. Yametengenezwa kwa granaiti, kwazi, na jiwe moja gumu la kijivu liitwalo miloniti. Wanasayansi walipima madini ya yureniamu kwenye mifupa iliyochimbwa humo wakapata umri wa miaka kama 260,000. Enzi hizo palikuwa na maji, na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka imekutwa pale.

Nilichokiona nilipochuchumaa ni hiki: ukilitazama shoka kwa ubavu, ukingo wake umenyooka. Nyuso mbili zimemenywa kwa zamu, huku kipande, huku kipande, mpaka zikakutana kwenye mstari mmoja unaozunguka jiwe lote. Jiwe lenye uzito wa tofali, na upande wa kulia umelingana na wa kushoto. Mtu aliyelifanya alikuwa analiona shoka ndani ya jiwe kabla hajapiga pigo la kwanza.

Jamaa mmoja tuliyekutana pale, aliyewahi kufanya kibarua kwenye machimbo ya wanaakiolojia, ndiye aliyenifungua macho. Sentensi moja tu: "Mwalimu, jiwe halitaki nguvu, linataka pembe."

Nitaeleza pembe ni nini. Ngoja nile kwanza.

---

Nguzo ya Udongo

Naweka mkeka hapa. Mimi mzaliwa wa Tosamaganga, Isimila ni uani kwetu, na sijawahi kuchuchumaa. Endelea mwalimu.

---

Mwalimu wa Kihesa

Nimerudi.

Chukua daftari, tazama kona yake. Ile ni nyuzi 90. Sasa chukua jiwe la mviringo kama yai: halina kona popote. Ukilipiga, nguvu yote inazama katikati na kufia humo, au jiwe linapasuka ovyo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la asubuhi nzima. Nilichagua mawe mazuri, laini, ya duara, kumbe ndiyo mabaya kuliko yote.

Unatakiwa kutafuta jiwe lenye ukingo, pale nyuso mbili zinapokutana kwa pembe ndogo kuliko kona ya daftari. Nyuzi 70 hivi, 80 hivi. Unalishika kwa mkono wa kushoto au kuliegemeza pajani juu ya kipande cha ngozi. Mkono wa kulia una nyundo, yaani jiwe lingine la mto, hili sasa ndilo la mviringo, linalojaa kiganjani. Unapiga uso wa juu, karibu na ukingo, umbali wa upana wa kucha. Usipige ukingo wenyewe maana utauponda. Ukisogea ndani sana, jiwe halitikisiki.

Ukipatia, kipande kinachomoka upande wa chini na kukuangukia kiganjani. Hicho naomba tukiite kibanzi. Jiwe lililokizaa naliita jiwe mama. Kibanzi cha kwanza nilichopata kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha soda, cheupe, cha kwazi. Nilikipitisha kwenye kamba ya katani, ikakatika. Nikabaki nimekishika kwa muda mrefu.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vyetu havisemi. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliamini kwamba kwenye zana za zamani kabisa, zile za Olduvai, zana ni jiwe mama, lile jiwe zito lililomeguliwa upande mmoja, na vibanzi ni takataka. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Nicholas Toth, aliyekuwa akichunguza zana za Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, alijifunza kupiga mawe mwenyewe, akachinjia, akachonga, akachimbia. Akaonyesha kwamba mara nyingi kilichotafutwa ni kibanzi, na jiwe mama ni kile kilichobaki baada ya kazi. Ule mchoro wa jiwe zito kitabuni, ambao watoto wanauona wanacheka, mara nyingi ni kama kuchora gunzi ukasema watu wa zamani walikula gunzi.

---

Mama Kokoto

Mwalimu, shikamoo. Mimi si msomi wa historia lakini mawe nayafahamu. Mama yangu alitulea watoto sita kwa kupasua kokoto Mwanza, na mimi nimepasua tangu darasa la tatu hadi nilipoolewa. Niruhusu nichangie.

Hiyo habari ya pembe, mama hakuwa na neno lake, ila alikuwa akituambia "mtafutie jiwe mdomo." Ukipewa jiwe huanzi kupiga. Unaligeuza, unalitazama, unatafuta mdomo wake. Ukipiga pasipo mdomo unajichosha, na jioni huna hata ndoo moja.

Na kabla ya hapo unalisikiliza. Unaligonga kidogo tu. Jiwe zima linalia, sauti inatoka nje, nyembamba. Jiwe lenye ufa ndani linajibu kizito, kama kugonga debe lenye unga. Lile lenye ufa kwa kokoto ni zuri maana litapasuka upesi. Ila kwa kazi unayoisema wewe nadhani ni baya, litakuvunjikia njiani.

Swali langu: wale wa zamani walikuwa wanayasikiliza pia?

---

Mwalimu wa Kihesa

Marahaba mama yangu, na asante sana. Umeniongezea kitu ambacho sikukipata kwenye kitabu.

Sauti haiachi alama kwenye udongo, lakini chaguo la mawe linaacha. Watu wanaopiga mawe leo kwa ajili ya utafiti mara nyingi hugonga kwanza na kusikiliza, vile vile alivyofanya mama yako. Na kule Gona, Ethiopia, kwenye zana zenye umri wa miaka milioni 2.6, wachunguzi walilinganisha mawe yaliyotumika na mawe yaliyokuwa mtoni jirani. Waliotengeneza hawakuokota tu lililokuwa karibu. Walichagua yale yenye chembe laini na kuyaacha mabovu. Mtu hawezi kuchagua hivyo bila kuyajaribu.

Na hilo neno "mdomo wa jiwe" naomba nilitumie darasani.

---

Fundi wa Mbalizi

Uzi umetulia. Ila mwalimu, mimi ni mgumu kidogo kuamini. Mawe yanavunjika yenyewe kila siku. Mafuriko yanayagonga, yanaporomoka mlimani, ng'ombe wanayakanyaga. Utajuaje hili limepigwa na mtu na lile limevunjwa na maji?

---

Mwalimu wa Kihesa

Swali zuri mkuu, na ndilo nililomuuliza yule jamaa wa Isimila.

Umewahi kuona kioo cha dirisha kilichopigwa na manati? Upande ilikotokea kokoto kuna kitundu kidogo. Upande wa pili kioo kimemeguka duara pana. Nguvu ya pigo huingia ndani ya kioo kwa umbo la pia, nchani nyembamba kisha inapanuka. Mawe yenye chembe laini hufanya vivyo hivyo. Ukipiga pembeni, karibu na ukingo, unakata kipande cha hiyo pia.

Kwa hiyo kibanzi kinabeba historia ya pigo lake. Juu kina kijisehemu bapa, pale nyundo ilipotua. Chini yake tu, upande uliokuwa ndani ya jiwe, kuna kinundu; ukipitisha dole gumba unakihisi kama unavyohisi tako la kijiko. Kutoka kwenye kinundu kuna mawimbi yanayopanuka, kama dimbwi lililotupiwa kokoto. Na jiwe mama linabaki na kovu, yaani bonde linaloshabihiana na kinundu kile. Wakati mwingine wachunguzi hukirudisha kibanzi kwenye kovu lake na kinaingia kama kifuniko.

Maji nayo yanaweza kumegua kibanzi kimoja, hata viwili. Lakini hayamegui makovu kumi na tano mfululizo kuzunguka jiwe, kila moja likitumia kovu lililotangulia kama pa kupigia, yote yakielekea umbo moja. Na mto huyaviringisha mawe yake, unayalainisha kingo. Ukikuta maelfu yenye makali kwenye tope laini ambalo maji yake hayakuwa na nguvu ya kubeba hata kokoto, kuna aliyeyaleta.

Kuna jaribio jingine. Marekani kulikuwa na bonobo aitwaye Kanzi, jamii ya sokwe, ambaye kuanzia 1990 alifundishwa kutoa vibanzi ili akate kamba ya boksi lenye chakula. Alielewa kabisa kwamba anahitaji makali, na akagundua kwamba akilibamiza jiwe kwenye sakafu ngumu anapata. Lakini kuishika pembe na kuitumia, pigo baada ya pigo kama watu wa Olduvai walivyofanya, hakuwahi kufika hapo. Simdharau Kanzi, alikuwa mnyama mwenye akili za ajabu. Nasema tu kwamba "duni" ya kwenye daftari zetu ilimshinda kiumbe aliyekuwa na walimu na miaka mingi ya mazoezi.

---

Mwana wa Gilgil

Salamu kutoka Kenya. Nyumbani kwetu kuna Kariandusi, ukitoka Nakuru kuelekea Gilgil. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipafikia mwishoni mwa miaka ya 1920. Kinachotufanya tujivunie pale ni kwamba baadhi ya mashoka ya mkono ni ya obsidiani, ile kioo nyeusi ya volkano. Ukishika kibanzi chake dhidi ya jua, ukingo unapitisha mwanga. Kwa makali hakuna jiwe linaloizidi.

Halafu mtu akija Kenya apite Olorgesailie, barabara ya Magadi. Kuna njia ya mbao imejengwa juu ya mashoka yaliyoachwa palipokutwa, na ni mengi kupita kuhesabu kwa macho. Mary na Louis Leakey walipaona mwaka wa 1942.

Lakini habari kubwa ya Olorgesailie iko kwenye tabaka za juu. Mwaka wa 2018 watafiti walieleza kuhusu zana za pale zenye umri wa miaka kama 320,000. Mashoka makubwa yameisha, sasa ni vitu vidogo vilivyokatwa kwa ustadi, na vingi ni vya obsidiani. Shida ni kwamba obsidiani haipo Olorgesailie. Walipima kemia yake wakakuta imetoka kilomita 25 hadi 50 mbali, na nyingine hadi 95, na njia yenyewe ni milima na mabonde. Mtu hawezi kwenda kilomita 95 kwa jiwe bila kujua liko wapi, na labda bila kujuana na watu wa huko. Mimi nikiwaza biashara ilianzia wapi, nawaza pale.

---

Mwalimu wa Kihesa

Ndugu wa Gilgil, ahsante, na hapo umegusa mapinduzi ambayo darasani tunayapita kwa sentensi moja ya "zana zilizidi kuwa bora."

Kilichobadilika ni namna ya kufikiri. Mtengeneza shoka analimenya jiwe hadi libaki umbo analolitaka, kama mtu anayechonga mwiko. Hawa waliofuata walifanya kinyume. Walitumia mapigo mengi kulitayarisha jiwe mama kwanza: kulizungusha kingo, kulifanya uso wake uwe na mgongo kama wa kobe, kutengeneza mahali pa kupigia. Mapigo yote hayo hayatoi zana. Ndipo linakuja pigo moja la mwisho, na kibanzi kinatoka kikiwa tayari na umbo, chembamba, makali pande zote. Umbo lake limeshaamuliwa kabla hakijazaliwa.

Nimelijaribu hilo mara nyingi na bado sijalipata hata mara moja. Pigo la mwisho linanivunjia jiwe katikati, na kazi ya nusu saa inaishia hapo.

---

Binti wa Kaloleni

Na huku Pwani mtukumbuke. Watu hudhani historia ya Pwani inaanza na majahazi. Kilifi kuna pango liitwalo Panga ya Saidi, kama kilomita 15 kutoka baharini, na watu walilitumia miaka 78,000 iliyopita. Humo ndimo alimokutwa yule mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa wakati huo, kaburi la zamani kuliko yote ya binadamu wa kisasa yaliyowahi kupatikana Afrika. Habari zake zilitoka 2021, na wachunguzi wakampa jina hilo hilo la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa, na kichwa kililala kama mtu aliyewekewa mto.

Nilipokuwa nasoma habari zake nilikuta kwamba kwenye tabaka za pango lile zana zinabadilika, miaka kama 67,000 iliyopita zinaanza kuwa ndogo. Naomba kueleweshwa: udogo ni maendeleo? Mimi kwa akili ya kawaida naona kubwa ndiyo ina kazi.

---

Mwalimu wa Kihesa

Dada, soma taratibu hapa maana ndipo penye utamu.

Kijiwe kidogo chenye makali, urefu wa kiungo cha kidole, ukikishika mkononi hakifai kitu. Lakini upande mmoja wake umegongwa makusudi ukawa butu. Kwa nini mtu aue makali ya zana yake mwenyewe? Kwa sababu upande ule unaingia kwenye mti. Unapasua kijiti, unapanga vijiwe kadhaa mfululizo, unavigandisha kwa utomvu uliopashwa moto, unafunga kwa kano za mnyama. Umepata mkuki, mshale, au kisu kirefu. Kijiwe kimoja kikivunjika, unang'oa kile kimoja unaweka kingine. Fundi anayebadilisha msumeno kwenye fremu yake anafanya jambo lile lile.

Na hapo zana si jiwe tena. Ni jiwe, mti, gundi na kano, vitu vinne vyenye ujuzi wa aina nne tofauti. Vitatu vimeoza, tumebaki na kimoja, na sisi tunauita wakati wote "zama za mawe" kwa sababu mawe ndiyo yaliyovumilia.

Mfano wa kilichooza: Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba upande wa Zambia yamekutwa magogo mawili yaliyokatwa pengo na kulaliana, yamehifadhiwa na maji kwa miaka kama 476,000. Mtu alichonga gogo kwa zana za mawe ili likae juu ya lingine lisiteleze. Na mashoka ya Peninj, karibu na Ziwa Natron, yana zaidi ya miaka milioni moja, na kwenye makali yake zilikutwa chembechembe za mimea ya jamii ya mgunga. Walikuwa maseremala.

---

Mama Kokoto

Maseremala. Mwalimu, umeniliza.

Nina swali la pili. Kwenye vitabu vya wanangu picha ni mwanamume, ndevu nyingi, anagonga jiwe. Mama amekaa nyuma na mtoto. Nani aliwaambia?

---

Mwalimu wa Kihesa

Hakuna aliyewaambia. Mchoraji ndiye aliyeamua.

Jiwe halisemi lilipigwa na mkono wa nani. Ila tunao ushahidi wa watu walio hai: kusini mwa Ethiopia, kwa Wakonso, wanawake ndio mafundi wa kutengeneza vyombo vya mawe vya kuparia ngozi, na ujuzi huo wameubeba hadi zama zetu. Binti anafundishwa na mama yake na inachukua miaka kuiva. Ukiniuliza mimi nani awe kwenye ile picha, nitasema mama yako wa Mwanza.

---

Msafiri wa Kanda ya Kati

Naomba nami niulize bila ubaya. Hizi milioni mbili, milioni tatu, mnazitoa wapi? Jiwe lenyewe lina umri wake tangu dunia iumbwe. Nani alikuwepo akahesabu?

---

Mwalimu wa Kihesa

Uko sahihi kwamba jiwe lenyewe halipimwi, maana tungepata umri wa mwamba na si umri wa pigo. Kinachopimwa ni kitanda lilicholalia na blanketi lililolifunika.

Bonde la Olduvai liko jirani na volkano za Ngorongoro. Zilipolipuka zilimwaga majivu, na majivu hayo yana madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka taratibu, kwa kasi inayojulikana, kuwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi hutoroka. Ukiganda, gesi mpya inanaswa ndani. Ni kama saa iliyoanzishwa siku ya mlipuko. Unapima argoni iliyonaswa, unajua miaka.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, pale Olduvai, likiwa na zana za mawe tabaka moja. Wengi walikisia umri wake si mkubwa hivyo. Mwaka 1961 majivu ya pale yakapimwa kwa njia hii, yakatoa miaka milioni 1.75. Tangu hapo mahali pengi pamepimwa na watu tofauti, maabara tofauti.

---

Olpiro

Mimi ni wa Ngorongoro. Niongeze kuhusu jina. Wazungu walisikia vibaya wakaandika Olduvai. Ni Oldupai, jina la mkonge pori unaoota pale bondeni, na bado uko. Na kile kilima cheupe, Naibor Soit, maana yake ni mawe meupe. Wazee wanakijua tangu zamani. Nilikuja kuambiwa na watafiti kwamba kwazi nyeupe ya zana nyingi za bondeni imetoka kilimani pale. Tulikuwa tunachunga juu ya ghala la mafundi wa miaka karibu milioni mbili na hatujui.

---

Nguzo ya Udongo

Hivi mwalimu, zamani kuliko zote ni ipi? Olduvai bado inashika namba moja?

---

Mwalimu wa Kihesa

Hapana. Ahsante Olpiro kwa jina, nitalirekebisha darasani kuanzia Jumatatu.

Zana kongwe kuliko zote zinazojulikana hadi sasa ziko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana. Julai 2011 timu ya Sonia Harmand ilikosea njia, ikapanda kilima kutazama, na Mturkana mwenzao wa timu, Sammy Lokorodi, akaziona zikichungulia ardhini. Habari ilichapishwa 2015: miaka milioni 3.3. Wakati huo jamii yetu ya Homo ilikuwa bado haijaonekana kwenye mifupa iliyopatikana.

Ni mawe makubwa, mengi yanapita kilo tatu. Hawa hawakushika jiwe mkono mmoja na nyundo mkono mwingine. Walilaza jiwe juu ya fuawe la jiwe na kulipiga kwa juu, au walilinyanyua kwa mikono miwili wakalibamiza kwenye fuawe.

Kisha iko Nyayanga, rasi ya Homa, Ziwa Victoria upande wa Kenya, iliyotangazwa 2023: kati ya miaka milioni 2.6 na 3, vibanzi pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kiboko! Ngozi ile huwezi kuitoboa kwa meno. Na pale pale yalikutwa meno mawili ya Paranthropus, ndugu wa yule Zinjanthropus, ambaye watu walizoea kusema hakuwa na akili ya zana. Sisemi ndiye aliyezitengeneza. Nasema waliomtoa kwenye orodha waliharakisha.

---

Fundi wa Mbalizi

Nimekubali. Sasa niambie, nikitaka kujaribu nianzie wapi? Isimila nitapata mawe?

---

Mwalimu wa Kihesa

Isimila usiguse! Samahani kwa ukali mkuu, lakini hili naomba kila anayesoma alishike. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na hata bila sheria, jiwe likitoka mahali pake linakuwa bubu. Thamani yake ni kujua lilikuwa tabaka gani, jirani na nini.

Jaribu hivi. Tafuta kitako kinene cha chupa iliyovunjika, au jiwe jeusi la volkano lenye chembe laini. Nyie Mbeya mnayo tele. Kaa nje, penye upepo, maana vumbi la mawe linaharibu mapafu. Vaa miwani ya fundi wa kuchomelea na glovu. Tandika turubai ili vipande visibaki vikakata miguu ya watoto. Usiwahi kupiga kwa hasira. Na usiache jiwe lako mahali pa kale, mtafiti wa kesho atahangaika nalo.

---

Mama Kokoto

Mwalimu, nimejaribu leo mchana. Wajukuu wamekaa mbali na miwani nimeazima kwa jirani fundi. Nilianza na granaiti kwa mazoea, ikanimwagikia chenga, nikaiacha. Nikachukua kitako cha chupa. Nikaligeuza, nikatafuta mdomo. Pigo la kwanza na la pili hovyo, mkono wangu umezoea kupiga kwa kuvunja. La tatu nililegeza kiwiko.

Kikachomoka. Kinundu kipo, na yale mawimbi uliyosema yapo, nimeyapapasa kwa dole gumba. Jioni nilikuwa na kuku wa kupika. Nimemchuna ngozi ya shingo hadi kifuani bila kuchukua kisu.

Yule mtoto mkimya aliyekuuliza, ulishamtengenezea?

---

Mwalimu wa Kihesa

Hongera sana mama yangu!

Shoka bado. Lakini nilimpelekea vibanzi sita na jiwe mama lake, nikavichanganya mezani, nikamwambia avirudishe kila kimoja kwenye kovu lake. Alikosa chakula cha mchana. Vitano vimeingia, na leo ameomba aende na cha sita nyumbani akaendelee.